Pilau ya Watu Wachache

Mama yangu aliponiambia anaolewa, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda jikoni kwake, mtaa wa Buyenzi, namenya vitunguu saumu. Alilisema jambo hilo kwa sauti ile ile anayotumia kuniambia makaa yameisha. Mchumba mwenyewe nilimjua. Ni fundi wa magari, gereji yake iko barabara ya pili kutoka kwetu, mgane kama Mama alivyokuwa mjane, mtu mtaratibu anayeinamia injini na kuisikiliza kabla ya kuigusa. Kila Ijumaa alikuwa akija na kichane cha ndizi, anakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, anakunywa kahawa na kuaga kabla hujamkaribisha vizuri. Mimi na ujanja wangu wote wa ofisini nilidhani anapenda kahawa.

"Na sherehe?" nikauliza, nikijua jibu. Huku kwetu mjane wa umri wake huozwa kimya kimya. Anakuja shehe na mashahidi, wanakula tende, kisha kila mtu anashika njia yake.

Mama akafuta mikono kwenye kitenge. "Mi nataka harusi kidogo," akasema. "Kidogo kabisa. Lakini nzuri, ipite zote zenye umeona. Kitambaa cheupe kwa meza, kishuke mpaka chini. Maua ya kweli, apana ya plastiki. Gilasi za miguu mirefu. Na watu wachache, niweze kuangalia uso ya kila mumoja."

Nikaweka kisu chini. Huyu ni mama ambaye kila Idi ukimuuliza umletee nini, anajibu sabuni. Sasa alikuwa ananieleza jinsi leso za mezani zinavyokunjwa zisimame wima juu ya sahani, na kwa nini maua mafupi ni bora kuliko marefu, maana marefu yanaficha watu. Nikamuuliza hayo yote ameyaona wapi.

"Kwa dirisha," akasema.

Mama ni mpishi wa pilau wa harusi za mtaa, na mtaa wetu hauozi bila yeye. Tangu nipate akili namwona amesimama nyuma ya sherehe za wengine, mwiko mkononi kama kasia, moshi machoni, makaa chini ya sufuria na makaa juu ya mfuniko. Amewapikia maharusi ambao leo wana wajukuu. Wageni wakila, yeye anahesabu kwa macho kama wali utatosha. Wakishanawa, anakwangua ukoko uliobaki chini ya sufuria, anaufunga kwenye jani la mgomba na kutuletea nyumbani. Nilipokuwa mdogo niliamini ukoko baridi ndio harusi yenyewe.

Harusi yake na marehemu baba yetu haikuwa na pilau. Zilikuwa siku za wasiwasi mjini, watu wakioana upesi upesi na kurudi ndani. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Lakini pale jikoni, nikimwangalia anavyopanga hewani kwa vidole vyake meza ambayo haikuwepo, nilielewa kwamba miaka yote hiyo, kila alipopita dirishani na sinia, alikuwa akitazama. Nikaapa moyoni kwamba siku hiyo mama yangu atakaa kitini, atahudumiwa na atakula kama wageni wanavyokula. Mengine yote yangeweza kuharibika, hilo hapana.

Tukaanza kupanga. Ukumbi wa kando ya ziwa niliutaka sana, lakini mafuta ya gari yalikuwa yamepotea tena mjini na sikutaka maharusi wafike kwa miguu wakiwa na vumbi hadi magotini. Fundi mwenyewe, aliyezungukwa na magari mazima yasiyo na tone, alicheka tu. "Tufanye nyumbani," akasema. "Mi nitatembea. Nimezoea."

Basi ua wa nyumba yetu, ule wa kuanikia nguo, tukaugeuza. Nilikodi meza moja ndefu na vitambaa vyeupe vizito vilivyoshuka mpaka chini kama alivyosema. Nilipata gilasi za miguu mirefu, nikazibeba kifuani kutoka katikati ya mji kana kwamba ni mtoto mchanga. Waridi niliagiza kwa mama mmoja anayezishusha kutoka milimani. Gauni lilishonwa kwa dantela, lesi ya rangi ya maziwa, na uzi wa dhahabu mikononi na shingoni. Siku ya kulijaribu Mama alilishika bila kulivaa, akalipitisha shavuni, kisha akaniomba nitoke kidogo chumbani. Nilitoka, nikasimama sebuleni na kulia, na sioni aibu kuyasema.

Kulikuwa na tatizo moja tu, nalo ni Buyenzi. Kwetu hakuna kadi ya mwaliko. Mtu anaoza mwanawe, mtaa unakuja, na ukiwa na mlango uliofungwa siku ya furaha, usishangae siku ya msiba ukiwa peke yako. Ndiyo maana tulikubaliana kunyamaza. Mezani wangekaa ndugu wa Mama, watoto wake, watoto wa Fundi na shehe. Tungesherehekea, tungeondoa meza, na mtaa ungesikia habari ikiwa imeshapoa. Hata Hajati, jirani yetu wa ukuta wa nyuma, ambaye mlango wake uko barabara nyingine, aliyepika na Mama tangu wote wawili ni wasichana, hakuambiwa. Mama alilibeba hilo kwa shida. Kila aliposikia sauti ya Hajati upande wa pili wa ukuta alikuwa anakunja uso kama mtu mwenye jino bovu.

Chakula nilikabidhi kwa mpishi wa kukodi, kijana mzuri mwenye kofia ndefu nyeupe. Alileta vionjo vyake siku chache kabla. Samaki wake, mukeke wa kuchoma kwa ndimu, Mama aliwasifu. Kwenye pilau alichukua kijiko kimoja, akatafuna polepole, akamshukuru kijana kwa adabu kubwa na kumsindikiza hadi mlangoni.

"Pilau nitapika mwenyewe," akaniambia aliporudi.

Tukagombana. Nilimwambia bibi harusi hasimami jikoni, akaniambia hawezi kuwapa ndugu zake wali wa maji na rangi siku ya harusi yake. Nilimwambia basi apike asubuhi mapema, kidogo, ndani ya sufuria ya nyumbani, na saa nne awe ameoga. Akakubali, na Jumamosi, mkesha wa harusi, akajaribu.

Na hapo ndipo tulipogundua kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifikiria. Mama hajui kupika pilau kidogo. Mkono wake unamwaga chumvi ya watu mia. Sufuria ya kwanza ilikuwa chumvi tupu, ya pili ilikuwa bokoboko, ya tatu aliitazama tu na kuifunika. Sijawahi kumwona ameshindwa na wali. Alikaa kwenye kigoda chake amechoka, kisha akainuka na kutoka nje bila viatu, na mimi nikadhani anakwenda kupunga upepo.

Alikuwa amekwenda kuomba sufuria kubwa.

Sufuria kubwa za mtaa zinakaa kwa Hajati. Hazitoki bila sababu. Zikipita barabarani juu ya mkokoteni zinagonganagongana, na kila anayezisikia anatoka mlangoni na kuuliza neno moja tu, furaha ama matanga. Akishajibiwa, hahitaji maelezo mengine. Anajua kisu chake kiko wapi. Mama angeweza kutembea na kipaza sauti Buyenzi nzima, habari isingefika haraka kuliko hivyo, na alifanya hivyo kwa mazoea matupu, kama mtu anayefunga mlango akasahau funguo ndani. Mkokoteni ulipofika kwetu alikuwa ameshika mdomo. "Nimefanya nini," akasema. Hajati mwenyewe alikuwa anatembea nyuma ya mkokoteni. Hakuuliza kitu. Alishusha sufuria, akamtazama rafiki yake mwenye hina mpya mikononi, akarudi kwake.

Usiku ule nilijua sherehe yetu imekwisha. Nilihesabu viti kichwani, nikahesabu gilasi, nikaona umati unamwagika juu ya kitambaa cheupe na Mama amesimama tena nyuma ya moshi, anapima wali kwa macho. Nilikasirika hata na Fundi, ambaye hakuwa amefanya lolote zaidi ya kupenda.

Jumapili asubuhi nilitoka kwangu, mtaa wa Kanyosha, na ndoo ya waridi. Nilipokata kona ya barabara yetu nikasimama. Kichochoro kilikuwa kimejaa wanawake. Kila mmoja alikuwa na kisu, ubao na kigoda chake, wamevaa vitenge vipya vya sherehe, mitandio imefungwa vizuri, na wameketi safu kwa safu wakichambua mchele na kukata vitunguu. Hakuna aliyepiga kelele. Nilipita katikati yao na ndoo yangu, nikisalimia.

Mlangoni alikuwa amesimama Hajati.

"Hajati," nikaanza, "samahani sana, leo mama yangu alitaka watu wachache, na viti..."

"Najua," akasema. "Ni wachache. Wenye watakula kwa meza ni wale wenu. Sisi tumekuja kupika."

"Wote hawa?"

"We mutoto ya wapi? Bibi harusi anapikaka?"

Tuliingia pamoja uani. Mama alikuwa pale pale nilipohofia, na kitenge kikuukuu kiunoni, hina mkononi, mwiko ndani ya sufuria kubwa, mafuta yanachemka na vitunguu vinaanza kubadilika rangi. Hajati akaenda hadi kwake na kushika mwiko juu ya mkono wake.

"Leta," akasema.

"Apana. Vitunguu vitaungua."

"Viungue."

Walisimama hivyo, wanawake wawili wazima wameshika mwiko mmoja, wala hakuna aliyevuta. Mafuta yalichachatika. Nje kichochoroni hata visu vilikuwa vimenyamaza. Kisha vidole vya Mama vikafunguka kimoja kimoja. Akarudi nyuma hatua moja, akabaki ananing'iniza mikono, hajui aiweke wapi. Nikamshika mkono nikampeleka kuoga. Njia nzima alikuwa anageuka kunusa.

Alipotoka chumbani na lile gauni la dantela, amefukizwa udi, wanja machoni, mimi mwanawe sikumtambua mara moja. Nilikuwa nimezoea kumtafuta ndani ya moshi. Sikujua kwamba ana shingo ndefu vile. Nilipatwa na kitu kama woga, ule woga mzuri unaokupata msikitini ukiwa peke yako. Shehe alipomaliza, na mjomba wangu alipokwisha kumwoza dada yake kwa sauti iliyokatika katikati, Fundi aliletwa uani na kanzu yake nyeupe. Akamwona. Alikuwa amejiandaa kusalimia, nilimwona akifungua mdomo. Alivua kofia, akaivaa tena, akakaa alipoonyeshwa.

Meza ilikuwa kama alivyoipanga kwa vidole. Waridi fupi, leso zimesimama, gilasi zimeshika mwanga. Mama alizungusha macho taratibu, akasimama kwenye kila uso, kama alivyotaka. Kisha wanawake wakaingia na masinia. Hawakukaa. Walipita nyuma ya viti mmoja mmoja, wengine walikuwa wameozwa kwa pilau ya Mama, na kila mmoja aliweka kijiko kimoja kwenye sahani ya Mama, kijiko kimoja tu, akapisha anayefuata. Wengine walimgusa bega. Niliona kilima cha wali kikipanda mbele yake, mvuke unatoka. Sijawahi kuona utajiri wa namna hiyo, na nimeshaingia kwenye nyumba za wakubwa.

Walipomaliza walirudi mlangoni wakasimama wamebanana, mikono ina harufu ya vitunguu, wakimtazama. Wengi wao yeye ndiye aliyewafundisha kupika. Mama akasema bismillahi, akachota kwa mkono wenye hina, akala. Akatafuna muda mrefu, kichwa ameinamisha. Fundi hakuwa amegusa sahani yake.

Hajati hakuvumilia. "Chumvi iko sawa?" akauliza kutoka mlangoni.

Mama akameza. Macho yalikuwa yamemjaa, lakini sauti ilikuwa ile ile ya kusema makaa yameisha.

"Usiniulize chumvi," akasema. "Chumvi mutu anaulizwaka akionja. Miaka yote naonjaka. Leo mi nakula."

Hajati akageukia ukuta. Mama akaimaliza sahani yote, bila haraka, kisha akaomba nyingine.