Ubao wa Matundu

Dada yangu mkubwa, niliyemwita yaya, alikuwa mpiga taipu huko Goma kabla hatujarudi Rwanda. Ugonjwa ulimwachia mikono ya kutetemeka, akaacha kazi. Mimi nilikuwa nimeajiriwa kwenye duka la kuchapa hati, mtaa wa Mbugangari, mjini Gisenyi. Siku mwenye duka aliponunua kompyuta, nilikimbia nyumbani kumwita.

Alijaribu kuandika jina lake. Kila alipolenga herufi moja, kidole kiliangukia tatu. "Hii mashini iko mwepesi sana kwangu," alisema akicheka, lakini mikono aliificha ndani ya kitenge.

Kesho yake nilipima kibodi, nikachukua kipande cha mbao nyembamba na kumwomba fundi wa mitumbwi anitobolee tundu juu ya kila herufi. Kidole kingepita kwenye tundu lake tu! Niliona nimemaliza kazi.

"Bon, tunakaribia," yaya alisema baada ya kuujaribu. "Lakini matundu iko madogo, kidole inakwama. Na uinue hii ubao kidogo, nipate kuegemeza mukono."

Suala la kuegemeza mkono sikuwa nimeliwaza kabisa. Tulirudi kwa fundi pamoja. Akapanua matundu, akapiga msasa kingo, akapigilia vijiti viwili chini.

Zikabaki herufi kubwa, zilizotaka vitufe viwili vibonyezwe kwa pamoja. Yaya alitumia kidole kimoja tu. Nikapekua mipangilio ya kompyuta hadi nikakuta sehemu ya watu wenye ulemavu: unabonyeza kitufe cha kwanza, unakiachia, ndipo unabonyeza cha pili. Nilipiga kelele hadi mwenye duka akaja mbio kuuliza kuna nini.

Yaya akakaa, akaegemeza mkono, akaingiza kidole. Ikatokea G kubwa. Kisha i. Tulisimama nyuma yake tumebana pumzi mpaka neno likatimia: Gisenyi, bila kosa hata moja.

"Weka karatasi!" alisema. "Tuchape!"

Aliinyakua karatasi ikiwa bado ya moto, akatoka nayo barabarani kuwaonyesha wapita njia, nami nyuma nikicheka kama mwehu.

Wiki hiyo hiyo alipewa kuchapa barua ya mteja, mama muuza samaki aliyeomba meza ya kuuzia sokoni. Ilimchukua asubuhi nzima. Yule mama akaisoma pale mlangoni, polepole.

"Iko safi kabisa," akasema.

Yaya alikuwa ameshageuka, anauliza nani anafuata.