Mfunga Vizazi

Shangazi yangu, dada wa baba, ana kazi ambayo ukiitaja mbele za watu lazima uitaje mara mbili. Mara ya kwanza hawaamini, mara ya pili wanacheka. Anakamata paka na mbwa wa mitaani, anawapeleka wakafungwe kizazi, kisha anawarudisha palepale alipowatoa, kila mmoja amepunguzwa ncha ya sikio ili asije akakamatwa tena bure. Mtaani wamemfupishia cheo. Wanamwita Mfunga Vizazi.

Jina hilo mimi silipendi, na asiyelipenda zaidi ni yeye, ingawa hasemi. Shangazi hakujaliwa mtoto. Aliolewa, akakaa, akarudi nyumbani na sanduku lake, na wazazi wangu walipofariki akanichukua mimi nikiwa hata meno sijaota. Sasa mtu kama huyo ukimwita mfunga vizazi, unajua unachokisema. Mimi nina ulimi mkali, ningekuwa nimeshawajibu zamani. Yeye huniambia kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, kisha anaenda zake kuosha mitego.

Shirika lenyewe lisikutishe kwa jina. Ni nyumba ya kupanga, vyumba viwili na uwanja mdogo nyuma. Alilianzisha mama mmoja wa ng'ambo, mstaafu, aliyekuja kutembea akamkuta paka amevunjika mguu mlangoni mwa hoteli, na badala ya kupiga picha aondoke kama wenzake, akauliza daktari wa wanyama yuko wapi. Hadi leo anatuletea dawa na nyuzi za kushonea, na kila akiondoka hulia. Sisi wa hapa ni watatu tu. Yuko daktari, mtu mpole asiyependa maneno. Niko mimi, ninayefua vitambaa na kuwaangalia wagonjwa wanapozinduka. Na yuko Shangazi, mkamataji.

Ukamataji una sheria zake, na nyingi alizitunga yeye. Iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba mama anayenyonyesha haingii. Paka jike akinaswa, kabla hujafunika mtego kwa kitambaa, unauinua juu, unamtazama tumbo. Ukiona chuchu zimevimba na manyoya ya pembeni yamenyonywa yakapukutika, unafungua mlango, unamwacha aende kwa wanawe, utamrudia watakapoanza kula wenyewe. Ukisharidhika ndipo unafunika, maana paka akiwa gizani hutulia. Kutazama kwanza, kufunika baadaye. Ametuimbia hivyo mpaka mimi nikifunika sufuria jikoni hujikuta nimechungulia kwanza.

Sasa kulikuwa na jike moja la kijivu kwenye karakana ya fundi sofa, nyuma ya soko. Tulimwita Kamishna kwa sababu alikagua kila mtego tuliomtegea, akala chambo, akatoka kinyumenyume bila kukanyaga kibao kinachofyatua mlango. Alizaa pale na kuzaa tena, na fundi alikuwa amechoka kukuta watoto wa paka kwenye sponji zake. Shangazi alimwinda mpaka ikawa utani. Daktari akimwona anarudi mikono mitupu, humuuliza kama Kamishna amemletea salamu.

Asubuhi moja Shangazi aliingia nusu akikimbia, mtego umefunikwa kitambaa cha buluu, jasho linamtoka, meno yote nje. Akatutangazia kwamba Kamishna amestaafu. Daktari, ambaye kucheka kwake ni kukohoa, alikohoa. Akamdunga paka sindano kupitia nyavu, paka akalala, nikamtoa nikamlaza chali mezani. Shangazi alikuwa bado anasimulia jinsi kibao kilivyolia. Mimi nikawasha mashine ya kunyolea, nikaipitisha tumboni mara moja tu, na tone la maziwa likatoka.

Nilizima mashine. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Shangazi alisogea, akaweka kidole pale, akakitazama kilivyolowa.

"Nilifunika," alisema. "Nilifurahi, nikafunika."

Sijawahi kumwona vile. Uso ulimsinyaa ghafla, akawa mzee mbele yangu. Nilitaka kumwambia kila mtu hukosea, lakini nilikuwa nafikiria vile vitoto viko wapi, na naye alikuwa anafikiria hilohilo.

Daktari ndiye aliyesema. Atamfungua ubavuni, si tumboni, ili watoto waweze kunyonya bila kugusa mshono. Kumwamsha na kumwachia bila upasuaji hakutafaa, kwani kwa ujanja ule hatutamwona tena, na mwakani tutakuwa na ukoo mzima. Lakini maziwa yale, alisema, ni ya mzazi wa juzijuzi. Watoto wachanga namna hiyo, na joto hili, bila kunyonya, kesho hawaioni. Twende tukawatafute.

Njiani mimi nilisema kwa wawili, nikamlaani paka, nikailaani karakana, nikalilaani jua.

Fundi sofa alitupokea kwa furaha, akidhani tumekuja kupongezwa. Tulipomweleza, akaacha nyundo. Tukapekua kila mahali. Tukahamisha mbao, tukatikisa magunia ya vipande vya sponji, tukalala kifudifudi tuchungulie chini ya meza ya kukatia. Shangazi aliingiza mkono kwenye kila tundu bila kuuliza kuna nini ndani. Hakukuwa na kitu, wala mlio. Kadiri tulivyokosa ndivyo alivyozidi kwenda haraka, mpaka akawa anarudia sehemu alizokwisha kutazama.

Kisha akasimama katikati ya karakana, pale sakafu ilipokuwa safi kuliko kwingine, umbo la mstatili lisilo na vumbi. Akauliza hapa palikuwa na nini.

Palikuwa na sofa kubwa, fundi akajibu, la watu wanne, lilikaa pale wiki nzima likisubiri kitambaa. Limeondoka leo asubuhi. Mwenyewe alikuwa na haraka, ana wageni. Ndiyo, tumbo lake, ule upande wa chini, lilikuwa wazi muda wote huo. Amelifunga leo, kabla tu ya kupakia.

Alipofika hapo akaitazama mashine yake ya kupigilia pini iliyokuwa imelala juu ya benchi.

"Nilisikia kitu kinalia ndani," alisema taratibu. "Nikadhani ni springi. Springi mpya hulia."

Shangazi hakumlaumu, na angewezaje? Aliuliza nyumba iko wapi, kisha akasema tupitie kwanza kwa daktari tumchukue mama yao, kwa sababu tukiwapata watataka maziwa palepale.

Kamishna tulimkuta ameshonwa, amefungua macho lakini hajui yuko wapi. Daktari hakupenda, ila alimlaza kwenye kikapu chenye kifuniko na kutuonya tusimpe watoto mpaka kichwa chake kimekaa sawa, la sivyo atawalalia. Tukapanda gari la mizigo la fundi, sisi watatu mbele, kikapu mapajani kwa Shangazi, kile kitambaa cha buluu begani mwake. Fundi aliendesha huku akijisemea mwenyewe. Yule mama mwenye sofa ni mteja wa maneno mengi, akijua sofa limeletwa likiwa na paka ndani atamtangaza mji mzima. Mimi nilimwambia afadhali atangazwe leo, kwa sababu wakifia humo, baada ya siku chache sofa litajitangaza lenyewe. Akakanyaga mafuta.

Nyumba ilikuwa na geti la kijani na baraza lililopigwa deki. Mama mwenye nyumba alitoka amevaa nguo ya kutokea, anatabasamu tabasamu la kuazima. Fundi akamwamkia, akasema amekuja kukaza mguu mmoja wa sofa, dakika tu, na mimi ni msaidizi wake. Mama akasema basi tufanye upesi, wageni wameshaingia, ni wakwe zake watarajiwa, wamekuja kumwona binti. Ndipo akamwona Shangazi nyuma yetu na kikapu chake.

"Wewe si ndiye yule mfunga vizazi?"

Shangazi akasema ni yeye, na akamwamkia.

"Samahani, dada, sina ugomvi na wewe. Lakini leo wamekuja kwa ajili ya binti yangu. Mfunga vizazi asivuke kizingiti changu, kwa leo hapana."

Nilikuwa na majibu matatu, kila moja baya kuliko lenzake, na la kwanza lilikuwa limeshafika kwenye meno. Shangazi akanishika mkono juu ya kiwiko, akaminya mpaka nikaumia.

"Usinijibie," alininong'oneza. "Mlango huu ukifungwa, wale wanakufa. Ingia."

Akarudi nyuma, akaenda kukaa chini kwenye kivuli cha ukuta, chini ya dirisha la sebuleni, kikapu magotini.

Ndani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Sofa lilikuwa limejaa. Mzee mnene mwenye kofia, baba wa bwana harusi mtarajiwa, amekaa katikati, mkewe kulia, na shemeji fulani kushoto, vikombe mikononi. Fundi akasimama mlangoni na nyundo yake kama mtu aliyekosea msiba. Akamvuta mama mwenye nyumba pembeni akamnong'oneza ukweli. Nilimwona mama yule akitikisa kichwa. Alinong'ona kwamba yeye alinunua sofa, hakununua paka, na kwamba hakuna mtu atakayemwinua mkwe wake leo kwa habari za kipuuzi. Arudi kesho.

Kesho. Nilimtazama yule mzee akijitengeneza akae vizuri, springi zikashuka, nikafumba macho. Nilikuwa nasikiliza kwa mwili mzima, na sikusikia chochote zaidi ya vijiko. Nikawaza labda tumechelewa. Nikawaza nitatokaje nje nimwambie Shangazi.

Hapo ndipo Kamishna alipozinduka. Kule chini ya dirisha akatoa sauti, si ile ya paka anayeomba chakula, bali ile fupi ya kooni ambayo mama huwaitia watoto. Akaita mara ya kwanza, watu wakaendelea na maongezi. Akaita tena, kwa nguvu zaidi. Na chini ya yule mzee kitu kikajibu, chembamba kama uzi, kisha cha pili.

Mzee alisimamisha kikombe hewani.

"Mwenye nyumba," alisema kwa adabu zote, "mama anaita huko nje, na watoto wanaitika hapa chini. Sasa mimi nimekalia nini?"

Binti, ambaye tangu mwanzo alikuwa ameinamisha kichwa kama alivyofundishwa, alijifunika mdomo na mabega yakaanza kutikisika. Mzee akainuka mwenyewe, akamwinua na mkewe. Wote wakamtazama mama mwenye nyumba. Akapangusa mikono kwenye nguo yake nzuri, akatoka nje. Nilimsikia akisema, "Dada, ingia."

Shangazi alivua viatu, akawaamkia wageni mmoja mmoja kana kwamba naye alikuwa amealikwa, kisha akapiga magoti. Fundi na yule mzee walililaza sofa chali. Ilibidi pini zing'olewe moja moja, maana kitambaa kikichanwa kwa pupa wangeanguka kwenye vyuma. Ilikuwa kazi ya kuchosha roho. Hatimaye fundi akafunua pembe, Shangazi akaingiza mkono.

Akamtoa mmoja, anachezacheza, macho bado yamefumba. Akamtoa wa pili. Wa tatu. Kisha mkono ukaenda mbali zaidi, mpaka begani, na nikamwona anafumba macho. Wa nne alikuwa amebanwa kati ya springi na ubao. Alitoka mlegevu, wa baridi.

Shangazi alimfikicha kwa kile kitambaa cha buluu, akamfikicha tena, kisha akamtia ndani ya blauzi yake, kifuani, akamfunika kwa viganja viwili. Watatu akaniambia niwaweke kikapuni. Kamishna alikuwa ananuka dawa, nami niliogopa atawakataa au wao watamkataa. Aliwanusa mmoja mmoja, ukaguzi kamili. Kisha akalala kwa ubavu usio na mshono, na wakaanza kumpanda.

Hakuna aliyerudi kukaa. Tulisimama wote tukimtazama mwanamke aliyepiga magoti sakafuni na viganja kifuani, na mama mkwe mtarajiwa nilimwona midomo ikicheza kama anayeomba dua. Ilichukua muda mrefu. Halafu Shangazi akashtuka kidogo, kama mtu aliyetekenywa.

"Ananikwaruza," alisema, na machozi yakamtoka bila aibu.

Alipomtoa, alikuwa akitafuta chuchu kwa kichwa. Tukamwongeza kwa wenzake.

Mama mwenye nyumba alichuchumaa karibu na kikapu. Alitazama lile sikio lililopunguzwa ncha, akatazama ubavu ulionyolewa, na kwa sauti ya chini, si ile ya getini, akauliza kama huyu hatazaa tena.

"Hatazaa tena," Shangazi akajibu. "Hawa ndio wake wa mwisho."

"Na watamtosha?"

Nilijua swali lile halikuwa la paka, na mama mwenyewe nadhani alilijua baada ya kulitoa, kwa sababu alitaka kusimama. Shangazi alimshika mkono asisimame.

"Mimi nilipewa mmoja tu," alisema, "wa kaka yangu, tena mkorofi, ana ulimi kama wembe. Ananitosha."

Mzee akacheka, na wengine wakapata ruhusa ya kucheka. Mimi nilikuwa na majibu matatu. Nikainama nikaanza kukunja kile kitambaa cha buluu, nikakikunja vibaya, nikakikunjua, nikaanza upya.