Gitaa Jekundu Nililokataa Kuliuza

Siku ya kwanza kazini Fundi Mkuu alinipa magitaa saba ya umeme, na hakunipa waya hata mmoja wa kuyachomeka. Ilikuwa kwenye karakana moja ya Turffontein, si mbali na uwanja wa mbio za farasi. Nilikuwa kijana wa Tanga mwenye kidato cha nne, niliyefika Johannesburg kwa kudandia maroli kupitia Lusaka na Harare. Nikamwuliza nitajuaje zima na bovu bila amplifaya.

"Eish, bwana mdogo," alisema kwa Kiingereza chake cha mkato. "Amplifaya ni ya kupaza sauti tu. Mwongo ukimpa kipaza sauti, anakuwa mkweli?"

Nilikaa naye miaka sita. Alinifundisha kuanza na shingo, yaani ule mti mrefu unaoshikwa kwa mkono wa kushoto. Unaliinua gitaa mpaka jichoni, unatazama kutoka kiwiliwili kwenda kichwani, kama seremala anavyokagua ubao. Shingo iliyobonyea kidogo inatibika: ndani yake imefichwa nondo nyembamba, nawe unaikaza au kuilegeza kwa ufunguo. Lakini iliyojisokota kama nguo inayokamuliwa haina dawa, maana nondo hainyooshi msokoto. Kisha unabonyeza kila uzi kwenye kila freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, mpaka vya juu kabisa karibu na kiwiliwili, ukisikiliza noti inayokwaruza au kufa. Pikapu, zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi, tulizikagua mwisho, kwa sababu pikapu mbovu hubadilishwa kwa mchana mmoja. Rangi hatukuizungumzia kabisa.

Miguu yangu haijawahi kutulia. Nilikwenda Durban, nikaenda Bloemfontein, nikachoka, nikarudi. Hata leo nikinusa mafuta ya limau, tuliyokuwa tukipangusia shingo kavu, natamani kurudi kwenye meza ile ya Turffontein. Badala yake nilipata kazi kwenye duka la ala za muziki Kensington, nikapanda mpaka nikawa muuzaji mkuu.

Meneja wangu alikuwa Mkenya aliyetoka benki, mtu mstaarabu, shati limepigwa pasi hata Jumamosi. Alijua kila kitu cha duka isipokuwa magitaa. Dirishani alikuwa ametundika gitaa jekundu linalong'aa, la bei ya juu kuliko mengine. Jua la mchana lilikuwa limeisokota shingo yake. Nilimwambia mara tatu aliondoe. Jumamosi moja asubuhi akanijibu.

"Hiyo nyekundu imekaa sana. Iende leo. Isipoenda, tutaongea kuhusu nafasi yako hapa."

Saa nne akaingia Mama Odile, kiongozi wa kwaya ya kanisa moja la Wakongo kule Yeoville, pamoja na mdogo wake Trésor, mpiga solo. Umeme ulikuwa umekatwa, ilikuwa zamu ya mtaa wetu. Mama Odile hakuvuka hata kizingiti vizuri kabla ya kuonyesha lile jekundu dirishani.

"Ile! Ile rouge!"

Nilimpa Trésor lile jekundu ajaribu. Mpiga solo wa Kikongo huishi juu ya shingo, hasa wimbo ukifika sebene, pale waimbaji wanaponyamaza na kanisa zima likacheza. Alipofika huko juu, noti zikafa moja baada ya nyingine. Duka lilikuwa kimya, kila mtu alisikia. Nikampa la kahawia, kuukuu, mgongo wake umechunwa na vifungo vya mikanda ya wenye nalo wa zamani. Lile likaimba mpaka freti ya mwisho.

"Umeme ukirudi, Mama, utasikia hiyo nyekundu vizuri," Meneja alisema.

"Ukirudi tutasikia ubovu wake kwa sauti kubwa zaidi," nikasema.

"Wewe ni muuzaji ama ni pasta?"

Mama Odile naye akanigeukia, mikono kiunoni. "Weye Mutanzania, uko unauzisha ao uko unakataza?"

"Hili nakataza, Mama. Lile nauza."

"Lakini uniforme yetu ni rouge! Wamama arobaini, wote rouge, na huyu asimame pale na kitu ya rangi ya viazi?"

Trésor alikuwa amelichukua tena lile jekundu. Akaliweka chini, polepole. "Yaya," alimwambia dada yake, "miye nitapiga na nini? Na rangi?"

Mama Odile alimtazama, akalitazama lile jekundu, akashusha pumzi. "Basi. Tutashona uniforme ingine."

Waliondoka na la kahawia. Mlango haujatulia, Meneja akaniita kaunta.

"Utampigia simu huyo mama. Utamwambia ulikosea, nyekundu ni nzima, arudi abadilishe. Ukifanya hivyo, Jumatatu uko kazini."

"Sikukosea."

"Sijauliza kama ulikosea. Nauliza kama unataka kazi."

Niliweka ufunguo wa duka juu ya kaunta. Wafanyakazi tulitakiwa kutumia mlango wa nyuma. Nilitoka kwa mlango wa mbele, saa tano asubuhi, wateja wakitazama.

Huko ndiko kustaafu kwangu. Sikupewa saa ya ukutani wala hotuba. Nina miaka arobaini na sita, na vijana wa hapa wananiita madala, yaani mzee. Jina hilo nalikubali, nimelifanyia kazi. Nafanya vibarua vya hapa na pale, na mji ukinichosha nitauhama, kama nilivyohama mingine.

Wenzangu wa zamani wananiambia ningefumba macho mara moja tu, kwa gitaa moja tu. Hilo moja lingekuwa mikononi mwa Trésor kila Jumapili. Angekwama kila sebene mbele ya kanisa zima, akaamini vidole vyake ndivyo vibovu. Nimewaona wengi wa namna hiyo, watu wenye kipaji walioacha muziki kwa sababu ya kipande cha mti kilichojisokota. Hakuna aliyerudi dukani kulalamika, maana kila mmoja alijilaumu mwenyewe. Ninyi mnaouza leo, mkisema wateja wenu hawalalamiki, mimi sishangai.

Siombi radhi, na simu ile sikuipiga. Gitaa la mwisho nililouza lilimfaa aliyelishika. Anayenihurumia aniambie kwanza kama la mwisho aliloliuza yeye lilimfaa mtu.