Mkono wa Mwinua Daraja

Jumamosi kinyozi wangu wa katikati ya jiji la Durban, Mkongo, alininyoa huku simu yake imeegemezwa kwenye kioo. Alikuwa akiongea kwa video na kaka yake aliyeko Ubelgiji, ambaye kazi yake ni kuinua daraja la reli ili meli za mizigo zipite mtoni.

Zamani kaka huyo alikaa kwenye kibanda palepale darajani. Meli ikipita, alitoka nje kumpungia nahodha, na nahodha akampungia. Siku hizi anabonyeza kitufe ofisini, katika mji mwingine, mbele ya skrini.

"Sasa unapungia nani, kaka?" kinyozi akauliza.

"Skrini. Meli ikipita, mkono unapanda wenyewe."

"Na iko mtu anakuona?"

"Hakuna. Hata honi sisikii tena."

Kinyozi alizima mashine, akacheka mpaka akashika kiti changu. "Eish, kaka! Unasalimia televizyo!"

Mcheke nyinyi, mimi sithubutu. Mama yangu alipozikwa kwetu, karatasi zangu za kuishi hapa zilikuwa zimekwisha muda, ningetoka nchini, nisingeruhusiwa kurudi. Nikayafuata maziko kwa simu, nimekaa kitandani. Ilipofika zamu ya watoto kutupa udongo kaburini, nilichota hewa kwa mkono wa kulia, nikaitupia simu.

Kisha nikaenda bombani kunawa mikono, kama wenzangu waliokuwa makaburini.