Kiti cha Mama Wima

Zamani, kabla hajazaa, fundi alikaa kwenye cherehani yake kutwa nzima, akikanyaga na kuimba mpaka kinyozi wa mlango wa pili amwombe apumzishe koo. Kisha akamzaa binti yake, akachanika, na akashonwa vibaya. Tangu hapo kukaa kukawa adhabu. Akawa anakata vitambaa kwa kusimama, cherehani akamwachia msaidizi. Wateja walimbatiza Mama Wima, naye akacheka nao, maana aibu ilimfunga mdomo.

Leo binti, aliyejifungua miezi michache iliyopita, alimletea mjukuu dukani. Fundi akamwona anajishusha kitini kwa upande mmoja, kauma meno.

"Panauma?"

"Si ndio uzazi wenyewe, mama?"

"Nani kakudanganya?"

"Mbona wewe hukulalamika hata siku moja?"

Fundi akaweka mkasi chini. Kumbe kimya alichokiita uvumilivu kilikuwa kimemfunza mwanawe kuteseka.

"Naumia tangu nilipokuzaa," alisema. "Nilikosea kunyamaza."

Akafunga duka mchana kweupe, akambeba mjukuu.

"Twende hospitali, tukapimwe sote wawili. Nimeikumbuka cherehani yangu."