Mkono Uliokatazwa Unga

Nikiwa bado mtoto wa darasa la tatu, nilidhani chapati za Krismasi ndizo zilizotufanya tuwe ukoo. Kila Desemba tulifunga nyumba yetu ya Kitengela tukaenda kwa Kokoo, mama yake baba, nje kidogo ya mji wa Kajiado. Wanaume walichinja mbuzi. Wanawake waliketi kuzunguka karai la unga: Kokoo akitia chumvi na maji ya moto, shangazi yangu Resiato akikanda, mama akikata madonge, sisi wasichana tukisukuma. Zangu zilitoka na pembe. Anti Resiato alizila yeye mwenyewe, haraka haraka, ili nisichekwe.

Mwaka ninaousema ulikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mvua za mwezi wa nne zilipoanza, Anti alimzika mtoto wake wa kwanza, mchanga kabisa. Desemba alikuja amekonda, lakini alinawa, akakunja mikono ya sweta, akaketi mahali pake pa siku zote. Kokoo akalivuta karai.

"Wewe hapana. Mkono uliozika mtoto haugusi unga wa sikukuu. Utaita wengine kaburini."

"Yeyo, ni mimi," Anti alisema. Hivyo ndivyo alivyomwita mama yake.

"Najua ni wewe. Nilikuzaa."

Akapewa masufuria akaoshe nje. Nilimwona akisugua sufuria moja iliyokwisha kutakata, akiisugua tu.

Asubuhi ya Krismasi Kokoo alienda kanisani. Wageni walikuwa wengi kuliko tulivyotarajia, chapati za jana zilikuwa zimepungua, na mama alikuwa peke yake na unga mwingine mkavu. Akatoa kichwa mlangoni.

"Resiato, kuja unisaidie. Mama hayuko."

"Na akijua?"

"Nitamwambia ni mimi nilikuita."

Anti akaja, akakanda. Nilikuwa hapo, nikisukuma. Alikanda huku akiimba kwa sauti ya chini, na kwa muda mfupi jikoni kukawa kama zamani.

Baada ya chakula, kaka yangu mdogo Lemayian alianguka uani. Mwili ulikakamaa, macho yakageuka, povu likamtoka mdomoni. Watu walipiga mayowe. Kokoo hakupiga. Alitutazama mmoja mmoja, sauti yake ikiwa tulivu.

"Nani aligusa unga?"

Anti alikuwa na unga mkavu kwenye kiwiko. Kila mtu aliuona. Nilimtazama mama, nikingoja. Alikuwa amempakata Lemayian na hakuinua uso. Basi nikasema mimi.

"Ni mama alimwita."

Kofi lilinipata mdomoni kabla sijafunga. La mama. "Nyamaza! Mtoto hasemi uwongo mbele ya watu wazima!"

Nimeshapigwa makofi mengine maishani. Hilo ndilo ninalolikumbuka.

Ami yangu, pamoja na baba na mama, alimkimbiza Lemayian hospitalini kwa pikapu ya kukodi. Daktari alipima damu akakuta malaria. Mtoto alikuwa na homa tangu aliporudi kutoka Rombo na baba, walikokwenda kununua maharagwe, na mama alikuwa akimpa vidonge vya kichwa akidhani ni uchovu wa safari. Alitibiwa akapona. Yuko hai, ana ndevu, ana kelele.

Lakini jioni ile Anti alishabeba mfuko wake akashika njia ya kwenda barabarani kwa miguu. Hakuna aliyemfuata. Baba na mama walirudi na habari ya malaria wakaiweka kwapani, wasimwambie Kokoo. Hadi anakufa, Kokoo aliwasimulia wageni jinsi alivyoonya na jinsi onyo lilivyotimia, na wazazi wangu waliketi pale pale wakinywa chai yake. Kila Desemba nilisukuma chapati nikiwa nimeuma meno.

Miaka ya elfu mbili, nikiwa nimeanza kazi, nilimtafuta Anti. Nilimpata Ngong, akiwa na hoteli ndogo nyuma ya soko, na watoto wake wawili wakifanya hesabu zao kwenye meza ya wateja. Alinikumbatia kwa viwiko, maana mikono ilikuwa na unga. Nilikuwa nimebeba ukweli wangu kama zawadi.

"Anti, ilikuwa malaria."

"Najua. Daktari alimwambia dereva wa ile pikapu, dereva akaniambia wiki hiyo hiyo."

"Basi mbona hukurudi?"

Aliweka donge chini. "Kama mngeamini kweli ni mkono wangu, ningewasamehe. Mtu akiogopa anaogopa. Lakini mlijua si mimi. Nilingoja mtu aje aniambie. Nikangoja hata Pasaka."

Nilimpelekea mama maneno hayo Kitengela. "Hayo ni ya kitambo," alisema, akaniuliza kama nimekula.

Kokoo mwenyewe alikuwa amezika watoto wawili. Niliambiwa hivyo siku ya mazishi yake, na pia kwamba mama mkwe wake alimweka mbali na chakula cha sherehe hadi alipojifungua tena. Kwa hiyo yeye aliogopa kifo, na hofu hiyo nimejifunza kuihurumia. Mama hakuogopa kifo wala mkono wa mtu. Alimwogopa mama mkwe wake tu, akamwacha mwenzake abebe lawama. Nampenda mama. Huwa namtembelea, tunakula, tunacheka. Lakini hasira ile ningali nayo, na nimeacha kumwomba Mungu aiondoe.