Nilijifunza Kifaransa Ili Nimsikie Mkwe

Binti yetu aliolewa na kijana wa Kameruni aliyekutana naye chuoni Dodoma, wakaenda kuishi kwao. Kila Jumapili tukishatoka kanisani alitupigia simu ya video. Mimi na mama yake tulikaa barazani hapa Mwankoko, simu tumeiegemeza kwenye birika, tukaulizana habari za mvua, za alizeti, za kuku. Tatizo lilikuwa sauti ya nyuma yake. Mara kwa mara mwanamume alifoka kwa Kifaransa, kwa nguvu mpaka spika ya simu inakwaruza.

"Nani huyo anafoka?" mke wangu aliuliza siku moja.

"Ni mume wangu, mama. Ndivyo anavyoongea."

Simu ilipokatika, mke wangu hakunyanyuka. Najua tulikuwa tunakumbuka jambo moja. Dada yangu aliyeolewa Issuna naye alikuwa akituambia hivyo hivyo, "ndivyo alivyo, mzoeeni tu," mpaka aliporudi nyumbani jino limevunjika.

Kumwuliza mkwe sikuweza. Kwetu mkwe ni mtu wa kuheshimiana naye kwa mbali, na isitoshe hatukuwa na lugha, chuoni walisoma kwa Kiingereza tusichokijua sisi, na Kiswahili chake chote kilikuwa "shikamoo baba." Kutafuta mtu wa kututafsiria niliogopa. Jambo la mtoto wako ukilipeleka kwa jirani, kesho yake unalikuta kisimani.

"Nitajifunza hicho Kifaransa," nikamwambia mke wangu.

"Kwa umri huo, baba?"

"Masikio bado mazima."

Kwanza nilijaribu njia ya mkato. Binti alikuwa akitutumia ujumbe wa sauti, na humo pia mumewe alisikika akifoka. Nikauchezesha mbele ya programu ya kutafsiri, kwa simu ya mke wangu. Ikafikiri, ikaandika: "Samaki wa rais amelala." Mke wangu alicheka mpaka akashika mbavu, lakini tulibaki pale pale.

Mjini, karibu na soko, kuna mtu anauza vitabu vya mitumba kavitandaza juu ya turubai. Nilimwuliza kama ana chochote cha Kifaransa. Akachimbua vitabu vitatu vya katuni, majalada yamepauka kwa jua. "Chukua, mzee, hivi havina mwenyewe."

Vilihusu mume na mke wenye duka la mikate, na walianza kugombana ukurasa wa kwanza. Kwangu ilikuwa neema, maana ugomvi ndio niliokuwa nautafuta. Katika katuni mtu akinong'ona herufi zake huwa ndogo, akifoka zinajaa ukurasa. Nikaanza na zile kubwa. Nilizielekezea kamera ya simu, nayo ikaniambia maana: nyamaza, toka hapa, mjinga wewe. Nikajua matusi kabla ya salamu. Kisha niliyaandika maneno hayo kwenye simu ili inisomee kwa sauti, kwa sababu Kifaransa kinaandikwa hivi kinatamkwa vile. Nusu ya herufi zimekaa kimya kama wageni msibani. Baadaye nikapata masomo ya bure mtandaoni, ya mtoto anakula mkate, mama anakunywa maji.

Msimu wa mavuno nilipura alizeti huku nikikariri, kila pigo na neno lake.

"Unawatukana kuku?" mke wangu akauliza kutoka jikoni.

"Nawaambia watoke."

"Kwa Kiswahili wanaelewa."

Nilirudia kusikiliza sauti zile za zamani, nikitafuta matusi ya waoka mikate. Sikupata hata moja. Lakini sikufurahi, kwani huenda sikio langu ndilo lilikuwa bovu. Neno nililolikamata vizuri lilikuwa *mange*, kula. Alilirudia sana: kula, kula! Hapo nikapata hofu mpya. Binti yangu hali chakula? Anaumwa, naye anafokewa ale?

Jumapili moja binti aliiweka simu mezani akaenda kuepua chungu. Sauti ya mumewe ikaja. Nilifumba macho.

"*Mange, maman! Encore un peu! C'est ta fille qui a préparé!*"

Kula, mama. Kidogo tena. Ni binti yako amepika. Nikasikia sauti ya bibi mzee ikiuliza, "*Hein?*" Mkwe akarudia maneno yale yale, kwa nguvu zaidi.

Nilimshika mke wangu mkono. "Anamlisha mama yake," nikasema. "Mama hasikii."

Binti aliporudi nikamwuliza, "Mwanangu, mama mkwe wako ana shida ya masikio?"

Akaisogelea kamera. "Nani kawaambia? Aliniomba nisimtangaze kwa wakwe. Anaona aibu."

"Mumeo katuambia sasa hivi."

Mke wangu alijifuta uso kwa kanga, halafu akamweleza yote tuliyokuwa tukiyaogopa. Binti akashika kichwa. "Huyu? Huyu hata kuku anamwomba jirani amchinjie!" Akamwita. Mkwe akainama mbele ya kamera, mikono ina mchuzi. "Shikamoo baba."

"Marahaba," nikasema. Kisha, kwa Kifaransa cha duka la mikate, nikamwambia, "*Merci, mon fils. Tu cries bien.*" Nilitaka kumshukuru kwa kumtunza mama, kilichotoka ni kwamba anapiga kelele vizuri. Alinikodolea macho, akaangua kicheko, akageuka kumfokea mama yake habari hiyo. Ilipofika mara ya tatu, bibi naye akacheka.

Simu ilipokatika tulibaki pale barazani. Upepo ulikuwa ukipeperusha makapi uani. Kifua changu kilikuwa chepesi kama cha mtu aliyetua mzigo wa kuni. Mke wangu akaniambia kwa Kinyaturu, lugha yetu ya nyumbani, kwamba ana njaa, na mimi nikaenda kuwasha moto.